Baba Watano, Koti Moja

Sifa mwanangu,

Sasa hivi umemkata baba yako. Umechukua mkasi wa mama yako mdogo, Mama Vumi, ule wa kukatia rasta, ukabandua ukutani zile picha tano alizokutumia kutoka Wollongong, huko Australia, ukaketi kitandani na kumzunguka na mkasi polepole. Ulianzia kwenye kiatu, ukapanda mguu, ukapita bega na sikio, ukashuka upande wa pili. Hukukosea hata kidole. Kisha ukaitia bahari kwenye faili lako la plastiki. Ukatia mnara wa taa, daraja, hekalu na kangaruu, kila picha ikiwa na tundu katikati lenye umbo la mtu. Yeye mwenyewe ukamwacha mezani, karibu na sahani ya karanga.

Nilikuuliza, "Sasa hawa unawaacha?"

Ukanijibu kwa hicho Kiingereza chako cha haraka, ambacho nakielewa kuliko unavyodhani, kwamba mahali hapajakukosea kitu. Mahali unapapenda. Aliyekukosea ni mtu. Halafu ukaniona uso wangu ukageuza lugha, ukasema, "Niko sharp, Mama, usijali," ukateremka kumuaga Lerato wa ghorofa ya chini.

Mama Vumi naye ametoka kutafuta paketi moja zaidi ya rasta. Kichwa changu kimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Jua bado liko juu ya mapaa ya Yeoville, hapa Johannesburg. Nina nafasi hii tu, na kesho uwanja wa ndege, ukiondoka kwenda kwake, sitaweza kusema, najijua. Nitashika begi lako na kuuliza kama umekula.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha saluni. Kinajua mrefu, mfupi, kaa hapa, usitikise kichwa. Hakijui kueleza mambo ya namna hii. Wewe isome kwa sauti, polepole, kama siku ile kanisani walipokupa Zaburi ya Kiswahili, watoto wenzako wakacheka, na wewe ukaendelea tu mpaka mwisho. Mambo ya pasipoti na dawa ya kichefuchefu na nani atakupokea, Mama Vumi amekuandikia kwenye karatasi yake. Karatasi hii ina jambo lingine, na ningekuwa jasiri ningekwambia miaka minane iliyopita.

Ulipoondoka niliwakusanya baba zako watano nikawapanga mezani mmoja mmoja, kama kadi. Nilitaka tu kuwaweka kwenye bahasha wasije wakafagiliwa. Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona zilipokuwa ukutani. Koti ni lilelile. Wote watano wamevaa koti moja la bluu, kola imekunjwa vibaya upande wa kushoto, na kwenye mkono wa kulia kuna doa, labda la chai. Suruali moja. Viatu vilevile, kamba ya kimoja imelegea katika picha zote.

Na picha hizi, unakumbuka, hazikuja pamoja. Ya kangaruu ilikuja ulipotimiza miaka kumi, na maneno kwamba ukifika mtaenda wote kuwapa chakula mkononi. Daraja lile linalopinda juu ya bahari, kama barabara iliyoamua kuacha nchi kavu, lilikuja karibu na Krismasi. Mnara wa taa mweupe kwenye kilima chenye mizinga ya zamani, ulipofaulu mtihani. Hekalu kubwa la Wabudha lenye mapaa yaliyokunjwa pembeni, sikumbuki lini. Na lile tundu la mwamba la Kiama, bahari inaingia chini ya jiwe na kurushwa juu kama pumzi ya nyangumi, lilikuja mwaka jana tu. Kila moja ulikwenda kuichapisha dukani na kuibandika juu ya kitanda chako. Hata baada ya kusikia kwamba ana mke na watoto wawili wadogo, uligeuza uso tu, picha hukuzitoa. Miaka minne ya picha, nami nikifikiri, Baba Sifa anatembea, Baba Sifa anaishi.

Nikachukua simu nikaangalia ramani. Mahali pote hapo pako kwenye mstari mmoja kando ya bahari. Mtu akiwa na rafiki mwenye gari, akiwaona kangaruu asubuhi, Kiama atakuwepo jioni. Nikazitoa tena zile picha zenye matundu kwenye faili lako, unisamehe kwa kulifungua, nikawarudisha baba zako kwenye matundu yao nione vivuli. Kwa kangaruu kivuli kinalala kirefu upande mmoja. Mnarani kimejikusanya miguuni. Kiama kimerefuka tena, upande wa pili.

Ilikuwa siku moja, Sifa. Alitembea siku moja, akapigwa picha tano, akawa anakutumia moja moja, kama mtu anayegawa mkate mdogo kwa siku nyingi.

Najua utasema, unaona, hata hilo ni uongo. Ngoja. Mimi nimejua haraka kwa sababu kazi hiyo ni yangu. Mimi niliifanya kabla yake, tena nilikuwa mjanja zaidi. Nilibadilisha blauzi.

Nilikuja Johannesburg nikiwa na miaka kumi na sita, na shangazi ambaye baada ya miezi sita alirudi Lubumbashi na kuniacha na anwani ya kanisa. Nikakupata wewe nikiwa na kumi na saba. Shule niliachia mwaka wa pili sekondari. Tulikaa Bellevue, nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na chumba chetu chenyewe kilikatwa kwa pazia. Upande wa pili familia nyingine, ukikohoa wanakupa pole. Lakini nyumbani Kalemie, Kongo, walikuwa wanangoja habari. Zamani hizo wasichana wote wa hapa walikuwa wanatuma picha. Unaazima nguo, Jumapili baada ya kanisa unatafuta mpiga picha, unasimama mahali wageni wanaposimama.

Siku yangu nilivaa blauzi tatu, moja juu ya nyingine. Ya juu, ya njano, nikapiga kando ya lile ziwa dogo la bustani, nimeegemea mashua ya kukodi ambayo sikuipanda. Nikaivua. Ya pili, nyeupe, nikapiga Sandton kwa matajiri, mbele ya maji yanayorushwa juu, na gari la mtu nisiyemjua limeonekana kama limeningoja. Nikaivua. Ya tatu ilikuwa ya jirani yangu wa nyuma ya pazia, na hiyo nikapigia studio ya hapa Rockey Street. Yule mpiga picha alikuwa na vitambaa vilivyochorwa, anavining'iniza ukutani: ngazi za jumba la kifahari, maua, na bahari. Nikachagua bahari. Wewe ulikuwa mgongoni kwa rafiki yangu, ukilia, nje ya picha.

Zikaenda Kalemie kwa mkono wa wafanyabiashara, moja moja. Bibi yako akawa anazionyesha kwa kila aliyeingia. Sisi ni watu wa ziwa, unajua, mama yangu hawezi kulala bila kusikia maji ya Tanganyika, kwa hiyo akafurahi kuliko nilivyotegemea. Akawa anasema, mwanangu anaishi kando ya maji kama sisi.

Wa kwanza kunilipia uongo huo ni Vumilia. Mdogo wangu, mama yako mdogo, huyu anayekupigia kelele kuhusu begi lako tangu juzi. Alikuwa amebakiza miezi mitatu afanye mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, na alikuwa na akili, Sifa, mimi sikuwa nazo lakini yeye alikuwa nazo. Akaangalia zile picha akaona mtihani wa nini. Akaacha shule akapita Zambia, akapita Zimbabwe, siku ambazo mpaka leo hazielezi zote. Nilimpokea stesheni ya mabasi wewe ukiwa mgongoni, tukapanda teksi, tukaingia Bellevue, nikafungua pazia. Akaweka mfuko wake chini. Akaangalia godoro, jiko, kamba ya nguo. Akaniita Yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza choo:

"Yaya, ile bahari iko wapi?"

Kesho yake nikampeleka studio. Mpiga picha akamkunjulia kile kitambaa, akajivuna nacho, akasema wateja wote wanakipenda. Vumi akakigusa na kidole kimoja. Rangi ilikuwa imechakaa, ikamshika, kidole kikawa cha bluu. Akakiangalia kile kidole tulipokuwa tunarudi, njia nzima, hakukifuta.

Hakuwahi kunitukana. Alinuna siku mbili, ya tatu akasema, "Basi nifundishe kusuka." Ndiyo hizo saluni zake za miaka yote hii. Wiki iliyopita, wakati wale watalii wa kutembezwa na kiongozi walipopita tena mlangoni kwetu, mmoja akampiga picha akisuka, na kiongozi akawaambia hapa ndipo pa kuiona Afrika yote kwa mtaa mmoja. Vumi akatabasamu vizuri kwenye kamera, akaniambia kwa Kiswahili, "Yaya, na sisi tumekuwa bahari." Mteja mwenyewe alicheka mpaka akavuta rasta. Mimi nilicheka pia, lakini nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta kitana.

Nakwambia hayo ujue kwamba nilikuwa nimeshaona, kwa macho yangu, picha inafanya nini kwa mtu. Na bado nikarudia.

Sasa sikiliza hili, ndilo lenyewe.

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa anatengeneza simu kwenye meza barabarani, na walikuja watu wakavunja meza ile mara mbili, wakisema wageni warudi kwao. Mara ya pili walimpasua kichwa. Alama ile juu ya jicho unayoiona kwenye picha ndiyo hiyo. Akasikia kuna njia ya kuombewa nchi nyingine kama mkimbizi. Akapanga mstari wiki nyingi, na mwisho ofisi ya wakimbizi ikatufungulia faili moja, watu watatu: yeye, mimi, wewe. Tukaitwa kuhojiwa. Yeye chumba chake, mimi chumba changu na wewe mapajani.

Kwenye korido, kabla sijaingia, mkalimani wangu akatoka kunisalimia. Mama wa makamo, mweupe wa meno. Akaniangalia akasema, "Wewe si binti wa Mama Zawadi wa Kalemie? Nilikuwa naimba naye kwaya. Mwaka jana nilikwenda nyumbani, akanionyesha picha zako. Kumbe uko na maisha mazuri hivyo."

Sifa, nikakubeba. Nikaingia. Yule afisa, mtu mpole tu, akauliza tunaishi vipi. Yule mama akaigeuza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, cha ziwani. Nikafikiri, nikisema pazia, nikisema damu ya kichwa cha Baba Sifa kwenye ndoo, maneno haya yatafika Kalemie kabla ya mvua. Mama yangu atakaa na zile picha ukutani na watu watamwangalia. Nikasema, "Tunaishi vizuri."

Akauliza kama naogopa. Nikasema hapana. Akauliza majirani. Nikasema majirani ni watu wema.

Yule mkalimani hakutafsiri hapo hapo. Aliangalia viatu vyangu. Viatu vile vilivyopasuka nilikuwa nimevisahau, ingawa kwenye picha zote tatu nilihakikisha havionekani. Akaniuliza tena, yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaogopa au huogopi?" Alinipa nafasi. Mtu alininyooshea mkono na mimi nikauangalia. Nikasema, "Siogopi, Mama."

Majibu ya vyumba viwili hayakulingana. Chumba kimoja mtu amepasuliwa kichwa, chumba cha pili majirani ni wema. Faili likalala.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye roboti ya kona, zile taa za barabarani, taa ya watembea kwa miguu iliwaka kijani, na baba yako hakuvuka. Akasimama. Watu wakatupita.

"Mama Sifa, ulisema nini mle ndani?"

"Nilisema tuko salama."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akakuchukua kutoka kwangu akakuweka mabegani. "Basi tuko salama," akasema. Tukavuka taa ikiwa nyekundu.

Hakunipiga, hakunisimanga. Afadhali angenisimanga. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya kile kichwa, wakamwambia anaweza kujaribu tena lakini peke yake, akakubaliwa Australia. Alikuja akaketi pale kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Sema nisiende, nitabaki." Mimi nikasema nenda. Nililisema kama mtu anayefukuza kuku. Nilikuwa nimechoka kumwona akinivumilia. Alikupigia simu kila Jumapili, nami nikawa siipokei, kwa aibu tu, hakuna kingine. Kila nikiona namba ile naiona korido. Aliandika mara mbili kwamba anataka kutuombea wote. Karatasi za kwanza sikuzijaza. Za pili nilizificha hata kwa Vumi. Alingoja miaka mitatu, Sifa. Ndipo akaoa.

Na wewe ulipokuwa na miaka saba, siku ya wazazi shuleni, mwalimu akakuuliza baba anafanya kazi wapi. Ukasema, "Alituacha." Ulisema kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika jezi yako ya shule. Nilingoja mdomo wangu useme kitu. Mwalimu akaniangalia kwa huruma, na nitakwambia ukweli mpaka chini kabisa, ile huruma ilikuwa tamu. Nikaikubali. Nikaibeba nyumbani. Tangu siku hiyo imekuwa ndiyo hadithi yetu, nami nimekaa ndani yake kama ndani ya nyumba.

Kwa hiyo yule uliyemkata si mtu aliyekuacha. Ukimkasirikia, na una haki ya kukasirika, basi geuza kidogo, niko huku.

Nimepumzika kidogo kuandika. Mkono unauma, si kwa barua, ni kazi ya vidole ya miaka yote. Chini nawasikia wewe na Lerato mnacheka kwa Kizulu. Lugha ile unacheka nayo vizuri zaidi kuliko zote. Sijui huko utacheka kwa lugha gani.

Sina mengi ya kukufundisha, mimi niliyefundishwa na makosa yangu, na mwanafunzi mzito. Lakini haya kidogo nimeyalipia, kwa hiyo ni yako.

Wewe unakwenda ukiijua Wollongong kama mgeni anavyoijua. Ni mimi niliyekuzoesha hivyo. Ulipokataa kwenda, mwezi ule wote ulipokuwa hutaki kusikia jina lake, nilikuvuta kwa vile vivutio. Tulilala na simu usoni tukiangalia mabwawa ya kuogelea yaliyokatwa kwenye miamba, njia ya miguu ya chuma inayopita juu ya vichwa vya miti, watu wanaojirusha kilimani na mabawa ya kitambaa. Nilikuwa nasema, "Tazama, tazama hapa," kama ninayeuza. Na nilikuwa nauza. Mahali pale papo kweli, sikatai, na naomba Mungu upaone pote. Lakini mgeni anaondoka saa ileile vyombo vinapoanza kuoshwa. Wewe utabaki na vyombo. Utabaki na mke wa baba yako, ambaye sijui sauti yake, na wale wadogo wawili watakaokushika nguo, na mlango wa chumba ambao labda haufungi vizuri, na shule ambako hakuna anayejua kutamka jina lako. Huko ndiko unakokwenda. Bahari itakuwa pembeni.

Najua utakachofanya pakiwa pagumu, kwa maana wewe ni damu yangu. Utakwenda kwenye mnara wa taa, utasimama, utachagua upande mzuri wa uso, utanitumia. Nami nitaionyesha saluni nzima. Tafadhali usinifanyie hivyo. Ukisimama pale, baada ya kupiga ile ya watu wote, igeuze simu unipigie kile unachokiona wewe, hata kama ni pipa la taka. Nipigie sinki. Nipigie kitanda chako kabla hujakitandika, na viatu vyako. Viatu hasa. Nitakuwa naangalia viatu kwanza.

Na siku mtu mzima akikuuliza unaogopa au huogopi, na ukaona ameuliza mara ya pili kwa sauti ya chini, mwanangu, mjibu. Usifikirie mimi nitaonekanaje Yeoville. Mimi nimeshaonekana. Ukisema unataka kurudi, chumba hiki kipo na kitanda kipo, na nitakuja kukupokea bila swali, na Vumi atakupigia kelele lakini atakuwa wa kwanza kufika uwanjani.

Baba yako pia atakuwa na aibu yake. Anaosha sakafu za hospitali usiku, aliniambia tuliposhughulikia karatasi zako. Tumezungumza mwaka huu kuliko miaka yote. Sauti imekuwa nzito. Ukimwona uwanjani huko, hatafanana na yule wa koti la bluu. Atakuwa amezeeka, pengine atakuja na nguo za kazi. Usimwambie kwamba tumejua habari ya siku moja. Mwache aseme mwenyewe, au asiseme. Mimi kwa upande wangu nampenda zaidi kwa siku ile moja kuliko kama angekuwa anatembea kila wiki. Mtu aliyechoka, siku yake pekee ya kupumzika, anaazima koti, anamwomba rafiki ampeleke mahali patano na saa hazitoshi, anamwambia mpita njia, samahani, nipige hapa, bahari ionekane. Kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi ambaye mama yake hapokei simu.

Nimekuwekea wote watano humu kwenye bahasha. Usiwagundishe na gundi. Wapeleke. Siku mkipata nafasi, mwambie akupeleke Kiama, polepole, kwa treni, asiwe na pa kukimbilia. Mkae kwenye mwamba mpaka maji yaruke mara nyingi kiasi cha kuchosha. Nadhani yeye lile tundu aliliona mara moja tu, akiwa ameligeuzia mgongo. Mwambie mama amesema ageuke aliangalie. Na usipotaka kumwita Baba bado, usimwite. Lakini usimwite Mister kama ulivyomwahidi Lerato, nilisikia.

Na ukitaka kumuuliza habari ya faili, muulize. Nimemwandikia asubuhi kwamba nitakwambia. Amejibu neno moja, "Asante," halafu baada ya muda mrefu akaandika tena kuuliza kama bado unapenda karanga.

Kuhusu bibi yako. Nimempigia simu Alhamisi nikamwambia habari ya kitambaa cha studio, baada ya miaka yote hii. Kisha akasema, "Mwanangu, ile bahari ilikuwa na mkunjo katikati. Mimi niliuona siku ya kwanza. Nilidhani ukitaka utaniambia." Hivyo ndivyo alivyosema. Nililia saluni mbele ya mteja, na mteja akanishika mkono kwa sababu alidhani nimefiwa. Nimebeba mzigo ambao mwenyewe alikuwa ameshauweka chini, na kwa sababu yake nikaliacha faili lilale, na Vumi akaacha mtihani, na wewe ukakua bila…

Hapana. Sitamaliza kwa huzuni. Wewe unaondoka ukiwa na miaka kumi na mitano na akili za Vumi na miguu ya baba yako na kiburi changu, na hicho cha tatu ukikisahau hapa chini ya kitanda sitakituma. Mimi nina thelathini na mbili. Bado ni msichana, wateja wananiambia. Vumi ameanza kuuliza habari za shule ya jioni na mimi nimemwambia atangulie nitamfuata. Tutaona. Nimechoka, Sifa, lakini ni uchovu wa mtu aliyefika juu ya ngazi, si wa…

Mama Vumi amerudi. Yuko chini uani na wewe na Lerato, anapiga kelele mpaka mtaa wa pili: "Mama Sifa, shuka, tupige picha, jua linaondoka!" Nimechungulia dirishani. Nimemwambia ngoja, kichwa changu nusu, ngoja nitafute kitambaa nifunge, na ile blauzi nzuri iko kwenye pasi. Nimefungua kabati. Nimelifunga. Nakuja hivi hivi, na kandambili, waambie wapige mpaka miguuni, ili siku utakayoiangalia kule, ujue kwamba jioni ile mama yako alikuwa hivi.